Mteja wa Mlango wa Nyuma

Tulimwacha Constant juu ya jukwaa la bar ya René, mikrofoni mkononi, bunduki mbili nyuma ya shingo. Basi bado yuko palepale. Juma zima amesimama, maskini ya Mungu, anatungoja.

"Rudia," alisema Commandant Zuberi, mkuu wa kikosi cha waasi. "Rudia ile maneno ulisemaka hapa. Batu yote basikie."

Chini ya Constant, katikati ya uwanja wa dansi, Mama Asha alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa kamba. Mjane huyu ana malewa yake, kibanda cha chakula, nyuma ya soko, wali na samaki, kitu cha kawaida. Lakini vijana watatu wa Commandant wamelala tangu jana wakitapika, na walikula kutoka chungu chake. Akipatikana na hatia, jua likizama atapelekwa kando ya mto. Kila mtu mle ndani alijua kwamba siku hizi anayepelekwa kando ya mto harudi na samaki.

Na ushahidi? Ushahidi ni ulimi wa Constant.

Ninyi mliofungia mihogo gazeti la juma lililopita, nisikilizeni, nasema mara moja tu.

Kabla waasi hawajaingia Kisangani mwaka ule wa sitini na nne, kila dimanche, siku ya Jumapili, alasiri, kati ya nyimbo mbili, René alipitisha mikrofoni kwa wateja. Juma hili mmekula wapi? Mmecheza wapi? Kuko namna gani? Mteja alisema alivyoona. Wenye malewa na wenye nganda za pombe walikuja wenyewe kusikiliza, roho mkononi. Aliyesifiwa pale, lundi, yaani Jumatatu, meza zake zilijaa. Aliyetukanwa alianza kutafuta kazi nyingine.

Mfalme wa saa ile alikuwa Constant. Karani, tai shingoni, évolué wa kweli, mwenyeji aliyehesabiwa "mstaarabu". Enzi za Wabelgiji walikuja nyumbani kwake wakafungua hata kabati la vyombo, wakatazama uma na visu, wakatazama kitambaa cha meza, ndipo wakampa kadi yake ya ustaarabu. Mtu huyu alipofungua kinywa juu ya supu, mpishi alitetemeka.

Na dimanche moja, miaka miwili nyuma, alisema hivi: "Kwa Mama Asha unaingia na njaa, unatoka na padiri."

Ukumbi ukafa kwa kicheko. Orchestre ikaliokota neno, ikalitia gitaa, na baada ya muda mfupi mji ulikuwa unaimba, kutoka Simi-Simi mpaka kwenye maporomoko ya Tshopo. Watoto walimwimbia Mama Asha sokoni. Nawe msomaji, usinitazame hivyo, nawe uliimba.

Sasa wimbo umefika masikioni mwa Commandant.

"Alors?" akasema. "Ulimi iko wapi leo?"

"Mon commandant, ile ilikuwa... ilikuwa masolo ya bar tu. Ya kucheka."

"Ya kucheka? Bon. Orchestre! Pigeni, tucheke."

Mpiga gitaa akamtazama René. René akatazama viatu vyake. Bunduki moja ikalia, ka-chak, na gitaa likaanza lenyewe.

Mwimbaji akaimba sauti ya chini, kama mtu anayeimba msibani: kwa Mama Asha unaingia na njaa...

Na hapo, nasema kweli tupu, ukumbi ukaitikia. Si wote. Sauti kumi, labda kumi na tano, kwa mazoea tu, kama vile mtu anavyoitikia salamu: "...unatoka na padiri!"

Walioitikia walijiziba vinywa. Mama Asha aliinua uso akawatazama mmoja mmoja, na katika wale walioimba hakuna hata mmoja ambaye mama huyu hakuwahi kumkopesha... Hapana, niseme vizuri: hakuna ambaye mama huyu hakuwahi kumlisha. Macho yote yakaanguka chini.

"Munaona?" alisema Commandant. "Miaka mbili muji muzima inaimba kama huyu mama anaua batu. Vijana yangu tu hawakujua, juu banatoka mbali."

"Papa commandant," alisema Mama Asha, "naweza kusema?"

"Sema."

"Vijana yako bamekuja, sombe iko juu ya moto. Nikabaambia, ngojeni, haiyaiva. Bakasema mukono ya mwanamuke isibapakulie chakula, dawa itavunjika. Bakanyanganya chungu bobenyewe, bakakimbia nayo. Nikapiga kelele: haiyaiva! Haiyaiva! Bakafikiri nababania."

Wanawake waliokuwa ukumbini wakaguna. Sombe isiyoiva! Hata mtoto wa Kisangani anajua kwamba majani ya muhogo yasipochemka vya kutosha yanapindua tumbo.

Lakini wanawake wale hawakuwa na bunduki. Na kulikuwa na jambo la dawa. Vijana wote wa Commandant, na yeye mwenyewe, walikuwa wameogeshwa dawa ili risasi iwe maji mwilini mwao, na dawa ilikuwa na miiko. Mwiko mkubwa wa kikosi kile ulikuwa huo: asile mtu chakula kilichopakuliwa na mkono wa mwanamke. Anayevunja, risasi inakuwa risasi tena. Mwenye dawa mwenyewe alikuwa amekaa pembeni juu ya kreti ya bia, kibuyu mapajani, hasemi neno. Vijana walimwogopa yeye kuliko Commandant, na Commandant alilijua hilo.

"Maneno ya mama mumoja," alisema Commandant. "Mbele yake kuko maneno ya muji. Donc tuulize mwenye kuianza. Weye, Constant. Ulishaka kula kwa huyu mama?"

Hapa ndipo karani wetu alipojiona mjanja. Akapiga hesabu haraka kichwani: nikisema sijawahi kula, basi maneno yangu ni ya bure, hayana maana, mama ataachiliwa, na siri yangu itabaki siri yangu. Ndege wawili, jiwe moja! Akanyoosha tai.

"Hapana, mon commandant. Siku hata moja."

Commandant akapiga makofi. "Munasikia? Hata yeye mwenyewe aliogopa kukula!"

Ewe Constant! Umetoa mguu matopeni ukauweka shimoni.

"Hapana, mon commandant, nilitaka kusema..."

"Ulishasema. Imekwisha. Mumupeleke."

Vijana wawili wakamwinua Mama Asha. Wakapita naye karibu kabisa na jukwaa. Constant akafumba macho, akingoja. Sasa atasema, aliwaza. Sasa ataniumbua mbele ya watu wote, na ana haki.

Hakusema. Constant alipofumbua macho alimwona Mama Asha akitazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika mikrofoni. Aliutazama tu, kisha akageuza uso, akaendelea kutembea kwenda mlangoni.

"Nilikula!"

Sauti ilitoka kwenye spika kubwa, wapita njia wakasimama barabarani.

"Nilikula kwake! Kila siku! Saa sita, mulango ya nyuma! Jana pia nilikula!"

Vijana wakasimama. Commandant akageuka taratibu. "Umesema nini?"

Na Constant akasema yote, kwa sababu aibu ikishatoboka haina kiraka. Akasema jinsi alivyokuwa akizunguka nyuma ya soko, akitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Akasema kuhusu mkeka. Viatu nje, tai anaitupa begani isianguke kwenye mchuzi, na mkono, mkono mtupu, ndani ya sinia. Wali wa mchele wa Opala, samaki wa binzari. Na akimaliza, ndimu. Alikuwa akisugua kucha kwa ndimu mpaka rangi ya njano itoke, ndipo arudi ofisini.

Kicheko kilianza nyuma, kikaenea. Évolué! Mtu wa uma na kisu!

Lakini kuna mtu mmoja hakucheka. Katika safu ya mbele alisimama Émilie, mke wa Constant, binti wa watu wa mto kutoka Yanonge, mwanamke mpole asiyejua ugomvi.

"Donc ndimu ni ile," alisema.

"Émilie..."

"Miaka mbili nasikia ndimu kwa mikono yako. Mi nilifikiri ni manukato ya mwanamuke mwengine. Nililia juu ya ndimu, Constant."

Ukumbi ukacheka tena, kisha ukaona haya kwa kucheka.

"Na kila mangaribi napanga uma, napanga kisu, napanga kitambaa. Unasema hapana, chérie, kazi imenishibisha." Sauti yake ikakatika. "Mi nilikuwa napikia nani?"

Mimi ninayeandika nimetafuta jibu kwa niaba ya Constant, sikulipata. Alitamani sakafu ya René ipasuke immeze na tai yake. Sakafu za bar, kama mjuavyo, huwa hazisaidii mtu siku anayozihitaji.

"Bon," alisema Commandant, naye alikuwa kama anafurahia. "Ulikula, ulipenda. Juu ya nini basi ulimutukana?"

"Mutu mumoja aliniona natoka pale." Constant alisema akitazama miguu yake. "Kesho yake kwenye bureau bakaanza kunicheka. Évolué anakula na mikono kwa Bangwana, kwa Baislamu, anakaa chini kwa mukeka! Dimanche ile René akanipa mikro. Nikasema niwahi kumutukana mbele ya batu, basiamini tena ile mutu aliniona."

"Na lundi yake?"

"Lundi... nilirudi."

"Kwa mulango ya nyuma?"

"Kwa mulango ya nyuma."

"Na huyu mama alishasikia ile maneno?"

"Batoto balikuwa banaimba mbele ya mulango yake."

"Alikufukuza?"

"Aliniwekea mayi ya kunawa," alisema Constant, na hapo machozi yakamtoka, mtu mzima na kadi yake. "Alinipakulia kama siku zote. Hakusema kitu."

Nimeandika aibu za watu wengi katika gazeti hili, wezi wa mabibi, wezi wa kura, lakini sijui aibu inayozidi ile ya kulishwa na mtu uliyemtukana.

Ndipo yule mwenye dawa, aliyekuwa kimya juu ya kreti yake, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Mama. Juu ya nini ulinyamaza miaka yote? Neno moja tu, ungemumaliza huyu."

Mama Asha akajibu bila kupandisha sauti. "Papa, aibu ya maiti anayeijua ni muosha. Na aibu ya mwenye njaa anayeijua ni mupishi. Mutu akiingia kwangu na mulango ya nyuma, mi sina macho, sina kinywa. Ni kazi yangu ile."

Watu wakaguna kwa heshima. Hata kijana mmoja mwenye bunduki alitikisa kichwa. Mambo yalikuwa yanageuka, na Commandant Zuberi hakupenda yanavyogeuka.

"Théâtre!" alifoka. "Mutu ile amedanganya muji miaka mbili, amedanganya bibi yake, amenidanganya mi sasa hivi, leo tumuamini? Tazama weye! Mutu ya tai, mutu ya kadi, unauza heshima yako mbele ya bibi yako juu ya sahani ya ukoko!"

Watu wakacheka. Constant naye alikuwa karibu kuinamisha kichwa, apokee na hiyo.

Kisha kichwa kikagoma kuinama.

Ukoko?

Yeye alisema wali. Alisema samaki, alisema binzari na ndimu. Ukoko hakuutaja. Ule wali wa chini ya sufuria, ulioungua kidogo na kushika mafuta, Mama Asha hauuzi kwa wateja wa mbele. Anaukwangua na kuwapa watu wa nyuma tu, wale wa siri, kama pole ya kujificha kwao.

Na nyuma, mpenzi msomaji, Constant hakuwa peke yake. Tangu waasi waingie mjini, Mama Asha alikuwa ametundika kitenge katikati ya chumba, mkeka huku na mkeka huku, ili wageni wake wa siri wasionane. Kila mchana Constant alisikia mtu upande wa pili akitafuna kimyakimya. Alisikia sauti ikinong'ona: "Mama, ongeza ukoko. Kama ya kwetu Kasongo."

Commandant Zuberi anatoka Kasongo.

Mwenye dawa alikuwa bado anauliza.

"Mama, kule nyuma kuko mutu mwengine alikula? Mutu mwengine anaweza kusema chakula yako iko muzuri?"

"Kuko," alisema Mama Asha.

"Nani?"

"Sitamutaja."

"Utakufa, mama."

"Nitakufa kwa siku yangu. Sitamutaja."

"Imetosha!" Commandant aliruka kitini. Haraka mno. Hata vijana wake walishtuka. "Jua inazama! Mumupeleke sasa! Na huyu karani mumufunge pamoja naye!"

Wakamshika Mama Asha mabega. Constant aliona mkono wa kulia wa Commandant ukionyesha mlango, kidole kimenyooka, na pembeni mwa kucha, pale ambapo sabuni haifiki, palikuwa na njano. Njano ile ile anayoijua kuliko uso wake mwenyewe. Commandant amejua kuamuru kikosi, amejua kujificha nyuma ya kitenge, ila hakuna aliyemfundisha habari ya ndimu.

Akageuza macho kwa Mama Asha. Mama alikuwa anamtazama, na alikuwa ameelewa kwamba Constant ameelewa.

"Ya Constant," alisema, na ndiyo mara ya kwanza alimwita jina, tena kwa neno la kaka, mbele za watu. "Usiseme. Ile ni muteja yangu."

Pima mwenyewe, msomaji. Mwanamke anaburutwa kwenda kufa, na bado anamfichia siri yule anayemtuma kuuawa, kama alivyomfichia yule aliyemtukana. Na bunduki za vijana zimejaa ukumbi mzima. Wakijua kwamba mkuu wao amevunja dawa, nani atakayekufa kwanza? Commandant? Constant mwenye kusema? Émilie aliye safu ya mbele?

Miaka miwili nyuma, pale pale, Constant alisema neno ambalo lilipaswa kunyamaziwa. Robo saa iliyopita alinyamazia neno ambalo lilipaswa kusemwa. Mara zote mbili alikuwa akilinda tai yake. Alijiona mchafu, mchafu kuliko kucha yoyote, na hakuna ndimu ya hiyo.

Akaivua tai. Akaiacha ianguke.

"Nisamehe, Mama Asha," alisema. "Weye ni mupishi, aibu ya batu ni kazi yako kuificha. Mi ni muteja. Kazi yangu ni kusema nilichokula, na nilikula na nani."

Akakaribia ukingo wa jukwaa, akaleta mikrofoni mdomoni, na sauti ikatoka kubwa mpaka barabarani.

"Commandant, mbele ya kumupeleka huyu mama, naomba kitu moja. Inua mukono yako ya kuume. Batu baone kucha."

Mkono wa Commandant ukazama mfukoni.

Mwenye dawa akaweka kibuyu chini, akainuka kutoka kwenye kreti. Vijana wote wakageuka, lakini hawakumtazama Constant tena. Walitazama ule mfuko.

"Toa," alisema mwenye dawa.